Mapumziko Yaliyoandikwa Jumapili

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, meza ya sebuleni ilifutwa mara mbili, kisha daftari la safari likawekwa juu yake. Binti wa dereva alivuta kiti, akajaribu kalamu pembeni mwa gazeti kuukuu, akangoja kutajiwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwandiko wake ulisifika shule nzima. Baba yake, ambaye herufi zake zilihitaji mkalimani, alimwita Karani, na jina likamganda.

Mwenzake baba alikaa kwenye mkono wa kochi, akisimulia. Huyo aliitwa Redio, kwa kuwa hakuzimika tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa ameendesha lori moja na baba kwa miaka tisa. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini Karani alimwita baba mdogo tangu akiwa mdogo.

Kanuni ya lori la madereva wawili ilichapwa nyuma ya jalada la daftari. Mmoja akiendesha, mwenzake aliruhusiwa kupumzika kidogo kwenye kiti cha pembeni. Lakini kila siku lori lilipaswa kusimama kwa saa tisa, wote wawili walale. Karani aliijua kanuni hiyo kwa moyo. Alijua pia kwamba haikufuatwa. Ili wamalize safari kwa siku chache walizopangiwa na mwenye malori, baba na Redio walipokezana usukani bila kusimama, na aliyechoka alijinyoosha kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti huku lori likimrusharusha. Kwa hiyo mapumziko yao yaliandikwa mapema, nyumbani, kwa mwandiko mzuri.

"Jumatano," baba alitaja. "Saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Lori limesimama, wote wamelala."

Karani aliandika bila kufuta hata herufi moja. Redio aliinama, akasoma, akacheka. "Kwa mwandiko huu, hata mimi naamini nimelala."

Wakacheka wote watatu. Walipokuwa wakibeba mabegi yao, Karani alimkumbusha baba kuwa Ijumaa ni siku ya zawadi shuleni, naye angepewa ya mwandiko bora. Baba akaahidi kuwahi. Redio akasema atapiga makofi mpaka mwalimu mkuu amtoe nje.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, lori liliacha njia likagonga ukingo wa daraja. Redio ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alifariki papo hapo. Baba alitolewa kwenye kitanda cha nyuma akiwa amevunjika mguu na mkono wa kulia. Siku ya zawadi ilipita bila Karani, na mwalimu wake akamletea kalamu ya zawadi nyumbani.

Msibani, Karani aliketi karibu na mama mdogo, mke wa Redio. Nyuma yao wanaume wawili walinong'ona kwamba daftari limekutwa ndani ya lori, nalo linaonyesha marehemu alilala saa tisa kamili. Mtu aliyelala hivyo hasinzii asubuhi, walisema, basi bila shaka alikuwa amelewa. Mama mdogo alisikia kila neno. Alijifunika uso kwa mtandio. Redio hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko chai ya tangawizi. Karani alijua ni nani aliyeziandika saa hizo tisa, na usiku ule hakupata lepe la usingizi.

Wiki iliyofuata baba aliletwa nyumbani, na alasiri moja mkaguzi wa usalama barabarani akafika na daftari mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alimwuliza baba kama yaliyoandikwa ni kweli. Baba alitazama ukuta. Aliogopa kupokonywa leseni, na zaidi ya hapo aliona aibu.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema.

Karani aliingia chumbani kwake, akarudi na daftari lake la shule. Aliliweka wazi kando ya daftari la safari. Mkaguzi alitazama hili, akatazama lile. Herufi zilikuwa zilezile.

"Mimi ndiye niliyeandika," Karani alisema. "Niliandika Jumapili, kabla hawajaondoka. Baba mdogo hakulala. Walikuwa wanawahi kwa ajili yangu." Akaangua kilio, akilia kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua.

Baba alimvuta kwa mkono mzima, naye akalia. Kisha akasema ukweli wote. Mkaguzi alitaka maelezo hayo yaandikwe. Kwa kuwa mkono wa baba ulikuwa kwenye plasta, Karani aliandika kwa kalamu ya zawadi, na baba akatia dole gumba. Baadaye leseni yake ilisimamishwa mwaka mzima, na mwenye malori akaamriwa kuongeza siku moja kwa kila safari, ili madereva wasimame walale.

Siku ileile ya mkaguzi, mama mdogo aliitwa. Baba alimwomba radhi akiwa ameinamisha kichwa. Mama mdogo akasema anataka kusikia kilichoandikwa, na Karani akasoma kwa sauti iliyokatikakatika: "Jumatano usiku hatukusimama. Mwenzangu hakuwa amelewa. Alikuwa amechoka."

Machozi yalimtoka mama mdogo.

"Mwanangu," baba alimwambia Karani, "mtoto kutaka baba yake awahi nyumbani si kosa. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekutajia. Lakini shika hili maisha yako yote: usiandike jambo ambalo halijatokea, hata kama anayekutajia ni mimi. Mwili hausomi daftari. Tulimwandikia mwenzangu usingizi, lakini hatukumpa."

Mama mdogo alijifuta uso. Akaomba nakala ya maelezo yale, akawasomee wote waliokuwa wakinong'ona msibani.

Karani aliifuta meza mara mbili, akavuta kiti, akaanza kuandika.