Nikopeshe Mtoto

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya mashamba ya mpira pale Rubiah alipojifunga upya ushungi wake na kutoka kwenda kuazima mtoto wa jiwe.

Wake alikuwa amevunjika. Alikuwa akimwosha kisimani, mikono ina sabuni, akamponyoka, akaangukia saruji na kupasuka vipande viwili. Kwao Kelantan jiwe la kusagia viungo lina mama na mtoto. Mama ni lile bapa linalolala chini, na mtoto ni lile la mviringo linaloviringishwa juu yake. Rubiah aliyarithi yote mawili kwa marehemu mama yake, na sasa mama amebaki mjane wa mtoto, kama kuna neno hilo. Na kesho wakwe wa binti yake wanakuja karamuni!

"Mama, si utumie ile blenda niliyokununulia?" Salmi alimwambia, amekaa ngazini na tumbo lake la miezi saba. "Iko kwenye boksi lake tangu Idi, inakula vumbi."

"Blenda inakata, haisagi. Mama mkwe wako akitia mchuzi huo mdomoni atajua palepale. Unataka nisengenywe mpaka huyo mjukuu anaoa?"

"Basi kanunue jiwe jipya."

"Jiwe jipya! Niwalishe watu changarawe? Jiwe jipya unalisagia nazi na mchele mpaka mkono ukufe ganzi, ndipo liache kutema mchanga. Hujui kitu wewe. Kaa hapo umlee mwenzio."

Salmi akacheka, akalipapasa tumbo. Mimba mbili zilikwisha kumtoka kabla ya hii. Karamu ya kesho ilikuwa ya mwezi wa saba, ya kumshukuru Mungu kwamba safari hii mtoto amekaa. Rubiah alimpenda mjukuu huyo kabla hajamwona, na mchuzi wa kesho ulikuwa wake yeye kuliko wa wakwe.

Nyumba ya jirani yake Saodah ilikuwa mwisho wa kijiji, imesimama juu ya nguzo zake kama nyumba zote za huko. Rubiah alipofika, adhana ya magharibi ilikuwa ikilia mbali. Taa haikuwashwa. Harufu ya maziwa ilimpiga puani, maziwa na maua yale yanayopandwa makaburini.

Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi! Saodah!"

"Hayupo."

Juu ya ngazi alikaa mwanamke, nywele zimemwagika mpaka mapajani. Uso haukuonekana vizuri. Rubiah akadhani ni mama mkwe wa Saodah, ambaye hakuwahi kumwona, amekuja kutembea.

Sasa, kuna namna ya kuazima. Wanawake wa kule humtaja mtoto wa jiwe kwa jina lake lote, wakaacha chumvi kidogo mlangoni na kusema: nachukua jiwe, nitarudisha jiwe. Hata watoto wadogo wanalijua neno hilo, wanalichezea. Lakini Rubiah alikuwa ameacha nazi jikoni, giza linaingia, na haraka haraka haina baraka.

"Bibi, nina shida," alisema. "Nikopeshe mtoto. Kesho nitakurudishia mtoto."

Mwanamke akainama kidogo.

"Sema tena," mwanamke alinong'ona. "Nikukopeshe nini?"

"Mtoto, Bibi."

"Na utarudisha nini?"

Rubiah akaona bibi huyu masikio yamezeeka. Akapaza sauti. "Mtoto! Nini tena?"

"Nimesikia..."

Mwanamke akashusha kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Rubiah akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, na kilikuwa na joto, kama kilichotoka kubebwa kifuani. Akashukuru, akarudi mbio.

Jiwe lile lilisaga ajabu. Mchaichai, khulanjani, pilipili, nazi ya kukaanga, vyote vililainika kwa kupitishiwa mara chache tu. Rubiah alifurahi mpaka akaimba. Alipokuwa akilifuta ndipo Salmi aliposema kutoka chumbani:

"Mama, leo ametulia sana huyu."

"Amechoka. Na wewe lala."

Asubuhi ua ulijaa wanawake. Wengine wanakata vitunguu, wengine wanakuna nazi, na wote wanasema kwa wakati mmoja. Mkunga Tijah alifika na vitambaa vyake saba na nazi yake ya kuviringisha tumboni, kama desturi ya mwezi wa saba. Salmi akalazwa sebuleni. Mkunga akaanza huku anatania: huyu ni dume, ona tumbo lilivyochongoka, atamtia bibi yake adabu. Kisha mzaha ukamkatika mdomoni. Akaweka kiganja. Akakihamisha. Akainamisha sikio, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Amecheza mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni," Salmi alisema. "Kabla Mama hajarudi."

Mkunga alimvuta Rubiah jikoni. "Moyo unapiga. Lakini unapiga mbali, Rubiah, kama mtu aliye nje ya nyumba anabisha mlango. Umeingiza nini humu jana?"

Rubiah akamwonyesha jiwe. Saodah alikuwa pale, anapembua mchele.

"Nimeliazima kwako," Rubiah akamwambia. "Kwa mama mkwe wako."

Ungo ukamtoka Saodah mikononi. "Dada, mama mkwe wangu tulimzika kwao zamani. Na mimi nimerudi leo asubuhi. Nyumba ilikuwa na kufuli wiki nzima."

Visu vikanyamaza ua mzima.

"Ulisema nini?" mkunga akauliza. "Nitajie neno kwa neno."

Rubiah akayataja. Na alipokuwa akiyataja akayasikia mwenyewe. Akakaa chini palepale kwenye maganda ya vitunguu.

"Ulimi huu!" Mkunga akampiga kofi la mdomo, kisha akamkumbatia. "Kabla ya nyumba ya Saodah palikuwa na nyumba nyingine pale. Mwenyewe alifia uzazini, na kitoto chake tumboni. Zaidi ya hapo sijui, na usiniulize. Mrudishie chake kabla giza halijaingia."

Azlan, mume wa Salmi, alikwisha kuwasha gari kumpeleka mkewe hospitali. Rubiah hakupanda. Akachukua jiwe, akachukua chumvi, akashika njia ya mashamba ya mpira. Alikuwa analia njiani wala hajifuti.

Kufuli lilikuwa mlangoni. Akalilaza jiwe kwenye ngazi, akamwaga chumvi.

"Nilichukua jiwe. Nimerudisha jiwe."

Hakuna kitu. Upepo haukupita, nyenje hawakulia. Halafu, kutoka gizani chini ya sakafu...

"Sikuombwa jiwe."

Rubiah akashika nguzo.

"Uliomba mtoto," sauti ikasema, polepole, bila hasira. "Nimekupa wangu. Utanipa wako. Umesema mwenyewe mara mbili."

"Nilikosea, Bibi! Ni ulimi tu! Binti yangu amezika wawili..."

"Mimi sikuzika hata mmoja. Tulizikwa pamoja."

Harufu ya maziwa ilimpanda Rubiah mpaka kooni. Alifikiria mlango unaobishwa mbali, na mkono mdogo unaobisha. Hapo akaona jambo moja tu, akalishika kama mtu anayezama ashikavyo unyasi.

"Nichukue mimi."

"Wewe si mtoto."

"Ni mtoto! Mimi ni mtoto wa Embun binti Daud. Sikusema mtoto wa nani, wala mkubwa wala mdogo. Nilisema mtoto. Basi mtoto ni huyu."

Kisha kikaja kicheko kidogo, au kilio. Rubiah hakujua kamwe kilikuwa kipi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekufa."

"Kwa hiyo huna wa kukuita ndani jioni."

"Sina."

"Niite."

Rubiah akafumba macho. "Mama."

Mkono wa baridi ukampitia utosini, ukamweka sawa ushungi wake, kwa upole ambao hakuwa ameuonja tangu utotoni. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Nenda kamalize kupika, mwanangu. Nitakuita."

Alipofika nyumbani simu ilikuwa inalia. Azlan anapiga kelele kutoka hospitali: mtoto anacheza, anapiga mateke, madaktari hawaoni ubaya wowote! Wanawake wakapiga vigelegele. Wakwe wakala, mama mkwe akaomba kuongezewa mchuzi, akauliza siri yake. Rubiah akasema ni jiwe zuri tu.

Mjukuu alizaliwa salama, msichana mnene mwenye sauti. Wakamwita Seri.

Jioni ya siku aliyozaliwa, adhana ilipokwisha, sauti ikatoka chini ya sakafu ya jikoni. "Mwanangu... magharibi imeingia. Watoto hawakai nje. Twende nyumbani."

Rubiah alikuwa anakoroga sufuria. Akasema la kwanza lililomjia, lile ambalo kila msichana wa kule amelifunzwa, kwamba jiko linalowaka haliachwi.

"Bado napika, Mama."

"Haya. Ukimaliza."

Tangu hapo Rubiah hupika kila magharibi. Hupika mchuzi juu ya mchuzi, uji juu ya uji, mpaka sauti ichoke na kwenda zake. Majirani hupelekewa mabakuli, wanamsifu kwa ukarimu. Salmi humgombeza: "Mama, sisi ni wachache, nani atakula yote haya?" Yeye hucheka tu, anaongeza maji.

Jana Seri alikuwa amekaa kwenye nyonga yake, anavuta hereni. Moto wa gesi ukageuka manjano, ukawa mdogo, ukazimika. Rubiah akajaribu kuuwasha tena. Akatikisa mtungi. Mtungi ulikuwa mtupu. Nje mvua ilikuwa imelowesha kuni zote.

Chini ya sakafu kitu kikajisogeza.

"Mwanangu... mbona jiko limenyamaza?"

Rubiah akambusu mjukuu wake utosini, akavuta pumzi ya nywele zake. Kisha akaenda kumweka mikononi mwa Salmi.

"Mshike vizuri."

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Mama ananiita," alisema Rubiah, akaanza kushuka ngazi.