Rangi ya Fedha kwenye Gurudumu la Kushoto

Kila alfajiri, kabla Mashavu hajanawa uso, masikio yake yalikuwa yamekwisha kumpa habari kwamba baba yake ameamka. Nyundo ililia nje ya nyumba: ngaa, ngaa, ngaa. Mzee Mhina, dereva wa lori la kijiji cha Kwemgunga, alikuwa akilizunguka lori lake na kugonga gurudumu moja baada ya jingine. Kisha alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye kila nati na kukitazama chuma kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Watoto wa jirani walisema kwamba Mzee Mhina huyapigia hodi magurudumu yake. Yeye hakuwajali.

"Chuma kizima kinalia," alimweleza binti yake Mashavu, aliyekuwa darasa la sita. "Chenye ufa kinatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Na ukiona mstari wa kutu, mwekundu kama chai iliyomwagika, unaanzia kwenye nati na kushuka chini, jua hapo pana jambo."

Mashavu alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi hata angeweza kuyasema usingizini. Magurudumu yenyewe yalikuwa na rangi nyeusi, nyembamba, iliyochakaa. Hayakuwa na uzuri wowote, na kusema kweli Mashavu aliyaonea aibu.

Lori lile lilikuwa tegemeo la Kwemgunga. Tangu watu walipohamia pamoja katika kijiji cha ujamaa, miaka miwili nyuma, ndilo lililobeba mahindi ya shamba la wote, wagonjwa, saruji ya zahanati, hata maharusi. Kwa hiyo, kijiji kilipoalikwa kupita na lori lake mbele ya wageni siku ya Saba Saba mjini Korogwe, Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Isihaka, alikosa usingizi.

"Tupite mbele ya watu na magurudumu meusi kama masufuria?" alimwuliza Mzee Mhina. "Nenda dukani ulete rangi ya fedha. Nataka yang'ae."

Jumamosi Mashavu alifuatana na baba yake hadi Korogwe, katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Bhupendra. Mwenye duka aliitikia shikamoo ya Mashavu, akaweka makopo mawili juu ya meza.

"Mzee Mhina, mimi nauza yote mawili, kwangu sawa tu," alisema Bhupendra. "Lakini hii ya fedha ni nzito, watu wanapaka mageti na mapaa. Inafunika kila kitu. Hii nyeusi ni nyepesi, kutu ikianza unaiona siku ile ile. Kwa gurudumu, mimi ningechukua nyeusi."

"Hata mimi," alijibu Mzee Mhina. "Lakini Mwenyekiti kasema fedha."

"Basi sugua kwanza kwa msasa mpaka uone chuma chenyewe. Usipake juu ya tope. Na nati usiziguse."

Mashavu hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinua kopo la rangi ya fedha, akitazama tone lililokaukia kwenye kifuniko chake. Lilimeremeta, naye akalipenda papo hapo.

Kazi ya kupaka rangi walipewa wanafunzi, gurudumu moja kwa watoto wawili. Mzee Isihaka aliongeza utamu: wawili watakaowahi kumaliza, na gurudumu lao likapendeza kuliko mengine, watakwenda Korogwe juu ya lori siku ya sikukuu. Watoto walirukaruka kwa furaha. Wengi wao hawakuwahi kufika hata Segera.

Kabla ya kwenda kwenye mkutano wa ghala, Mzee Mhina aliwakusanya. "Osheni, sugueni, pangusieni mafuta ya taa, ndipo mpake. Rangi iwe nyembamba. Na atakayeona mstari wa kutu aache kila kitu aje kuniita. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mzee," waliitikia wote.

Mashavu na rafiki yake Zamda walipata gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Zamda alipokwenda kisimani kuchota maji, Mashavu alibaki akisugua kwa msasa. Tope kavu lilidondoka vipande vipande, na chini yake akauona mstari. Ulikuwa mwembamba, mwekundu, ukianzia kwenye nati moja na kushuka. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akapangusa. Ulififia kidogo tu.

Alijua vizuri alichokuwa akikitazama, hakuna mtoto kijijini aliyejua kuliko yeye. Lakini akimwita baba, gurudumu litafunguliwa, na safari ya Saba Saba itakuwa ya wengine. Akageuka. Wavulana wa gurudumu la kulia walikuwa wamekwisha kuanza kupaka. Mashavu alichovya brashi.

Alipaka mara mbili, rangi nzito, na nati akazipaka pia kwa kuwa zilipendeza zikiwa za fedha. Mstari mwekundu ulipotea mara moja. Ulipotea kwa urahisi kiasi kwamba Mashavu mwenyewe aliogopa. Zamda aliporudi na ndoo kichwani, alikuta gurudumu linang'aa, akapiga vigelegele.

Jioni Mzee Mhina alirudi, akauliza kila jozi swali lile lile. Alipofika kwao akauliza, "Mmeona kutu mahali?"

Zamda alimtazama Mashavu.

"Hapana, baba," Mashavu akajibu.

Mzee Mhina alizijaribu nati kwa spana, akaona zimekaza. Kisha akainua nyundo yake kama desturi. Mzee Isihaka akamdaka mkono.

"Ndugu yangu, utaibandua rangi. Acha mpaka Saba Saba ipite, utagonga utakavyo."

Mzee Mhina alisita. Alilitazama gurudumu, akamtazama binti yake, halafu akaishusha nyundo. "Kama Mashavu amelikagua, limekaguliwa," alisema.

Maneno hayo yalimchoma Mashavu kuliko kiboko. Hata hivyo alinyamaza. Wakatangazwa washindi, yeye na Zamda, na kwa siku zilizobaki Mashavu alilifuta vumbi gurudumu lake kila jioni kwa kitambaa laini. Watu walimsifu kwa bidii yake. Kumbe alikuwa akitazama kama ule mstari umerudi.

Asubuhi ya Saba Saba lori lilijaa watu, ngoma na majani ya minazi. Mashavu na Zamda walisimama mbele, nyuma ya kibanda cha dereva. Kati yao alikaa Bibi Mwaija, nyanya yake Zamda, amejifunga kanga mpya na kushika mfuko wa karanga. Waliimba tangu walipotoka kijijini. Walipoanza kuteremka mteremko mdogo karibu na Segera, Mashavu aliona kitu mbele yao barabarani.

Kilikuwa gurudumu. Lilikuwa likibingirika peke yake, linang'aa juani, likiwapita kana kwamba lina haraka ya kufika sikukuu kabla yao.

"Tazameni, gurudumu la nani lile?" mtu mmoja aliuliza, na watu wakaanza kucheka.

Mashavu hakucheka. Alilijua gurudumu lile.

Lori lilidondoka upande wa kushoto kwa kishindo. Chuma kikalia kwenye barabara, cheche zikaruka, watu wakaangukiana kama magunia. Ndani ya kibanda, Mzee Mhina alishikilia usukani kwa mikono yote miwili, akalipeleka lori taratibu nje ya barabara mpaka likasimama kwenye nyasi, limeinamia ubavu.

Kisha Bibi Mwaija akalia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Karanga zilikuwa zimetapakaa mapajani mwake, na Zamda alikuwa akiziokota moja moja, kama kwamba hiyo ndiyo kazi iliyobaki duniani.

Gurudumu lilikutwa kando ya barabara, mahali wanawake wanapouza machungwa. Lilikuwa limevunja kigoda na kuponda kapu zima. Mwenye kigoda alisimama pale, uso umempauka. Alikuwa ameinuka dakika hiyo hiyo kumpa mteja machungwa. Mtoto wake alikuwa mgongoni. Alirudia maneno yale yale kwa kila aliyemsogelea: "Nilikuwa nimekaa hapa. Nilikuwa nimekaa hapa hapa." Mashavu alimsikia, akakaa chini vumbini.

Bibi Mwaija alipelekwa hospitali kwa basi lililokuwa likipita. Waliobaki wakarudi Kwemgunga kama watu waliotoka kuzika.

Kesho yake kamati ya kijiji ilikutana mbele ya ghala, na watu wote wakaja. Vipande vya gurudumu viliwekwa chini, katikati. Nati zilikuwa zimebaki zimekaza kwenye lori. Ni chuma chenyewe kilichokatika kuzizunguka.

"Dereva amezembea," mjumbe mmoja alisema. "Watu arobaini walikuwa juu ya lori. Anyang'anywe ufunguo, na habari ifike polisi."

Watu walinong'ona wakikubali. Mzee Mhina alisimama, kofia mkononi. Mashavu alisubiri baba yake aseme kwamba aliuliza, na kwamba alidanganywa. Alikwisha kujiandaa kwa aibu hiyo.

"Mimi ndiye dereva," alisema Mzee Mhina. "Sikugonga magurudumu yangu siku tatu. Watoto walifanya kazi waliyotumwa, wasilaumiwe. Ufunguo huu hapa."

Akautoa mfukoni, akauweka juu ya meza. Baba yake hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda kama ule ufunguo, na alikuwa akiutoa bila kumtaja. Alijikuta amesimama kabla hajaamua kusimama.

"Baba hakuzembea," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Baba hakuzembea. Aliniuliza kama nimeona kutu, nikasema hapana. Niliiona. Niliipaka rangi ili tuwahi kumaliza."

Mzee Mhina alimgeukia binti yake, kofia ikamdondoka mkononi.

Mashavu alichuchumaa, akaokota kipande cha gurudumu na kukwangua rangi ya fedha kwa ncha ya msumari. Rangi ilibanduka kama ganda la yai. Chini yake mstari mwekundu ulikuwapo pale pale alipouacha.

Mzee Mhina alikipokea kipande kile, akakigeuza. "Tazameni," aliwaambia wajumbe. "Hapa ukingo wa chuma ni mwekundu. Huu ni ufa wa siku nyingi. Hapa panapong'aa ndipo palipokatika jana. Ningegonga mara moja tu, ningesikia."

Ndipo Mzee Isihaka alipoinuka polepole, akavua kofia yake. "Mhina alitaka kugonga," alisema. "Mkono wake niliudaka mimi, kwa ajili ya rangi. Yule mama wa machungwa amelala macho jana kwa sababu yangu pia." Akauchukua ufunguo mezani, akamrudishia Mzee Mhina mbele ya watu wote.

Jioni ile Mashavu alikwenda mwenyewe kwa Zamda kumwomba radhi, na siku ya tatu, Bibi Mwaija aliporudi na mkono wa plasta, akapiga magoti mbele yake na kumweleza yote. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkono utapona, mjukuu wangu," alisema. "Kisima kiko mbali, nami nina mkono mmoja. Wewe na Zamda mtanichotea mpaka plasta itoke." Mashavu alichota kwa wiki nane, na hakukosa hata siku moja.

Gurudumu jingine lilipopatikana, walikwangua rangi ya fedha kwenye yale yaliyobaki. Ilikuwa kazi ya siku mbili, mikono ikachubuka. Wakayapaka yote rangi nyeusi, nyembamba, nati zikabaki wazi. Mzee Isihaka mwenyewe alishika msasa, na watoto walimcheka kwa siri alivyopaka mpaka ndevuni.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa lori lilikuwa limekwisha kupakiwa mahindi ya kupeleka Korogwe, na watu wamekaa juu, jua linapanda. Mzee Mhina alimpa Mashavu nyundo. "Gonga wewe," alisema. "Leo mimi nasikiliza."

Ngaa. Ngaa. Ngaa. Kwenye gurudumu la nyuma mkono wa Mashavu ukasimama. Chini ya nati moja palikuwa na alama nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Aliwatazama watu juu ya magunia, waliokuwa na haraka. Akagonga, nayo sauti ikatoka butu.

"Baba," aliita. "Nimeona kutu."

Hakuna aliyenung'unika. Bibi Mwaija, aliyekuwa akienda kutolewa plasta, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuteremka. Alikaa kivulini na mkono wake mweupe, akawaambia wenzake, "Teremkeni, teremkeni, mtoto amesema."

Mzee Mhina aliegemea lori kwa kitambo, akimtazama binti yake. "Rangi tunapaka ili kukilinda chuma," alisema, "wala si kuyaficha makosa yake. Na mtu ni vivyo hivyo, Mashavu. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni dogo na linatengenezeka. Ukilifunika, litatokea njiani, mbele ya watu ambao hawakukukosea kitu."

Kisha akaleta jeki, na wote wawili wakapiga magoti kulifungua gurudumu.