Miti Miwili Mlangoni

Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaingia Rissne, pembeni mwa Stockholm, nami nilikuwa nakokota misonobari miwili kutoka kwa muuza miti, mmoja kila mkono, kama mtu anayevuta mbuzi wakaidi. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Desemba. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Mama yangu alikuwa njiani kutoka Bukoba, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mume wangu Vedasto alikuwa ameshaondoka kwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Arlanda. Mimi nilibaki na kazi moja tu: kupamba mlango.

Chini, kwenye lango la jengo letu, nilimkuta Pélagie, jirani yetu wa kutoka Bukavu, yuko juu ya ngazi anafunga taa.

"Dada Benedicta, miti mbili? Ya nini yote ile?"

"Utaona. Leo mtajua Bukoba ni wapi."

Akacheka. "Weye, dada, makuu yako haiishe."

Kweli nina makuu, sikatai. Mlango wetu uko ghorofa ya tatu, kwenye kibaraza kirefu cha wazi chenye milango sita, na majirani walikuwa wameshamaliza kupamba. Huyu katundika duara la matawi, yule kaweka mshumaa ndani ya kopo la kioo. Vitu vizuri, lakini vidogo vidogo. Mama yangu amepamba nyumba za harusi nusu ya maisha yake. Singeweza kumpokea kwa duara.

Kwetu Kagera nyumba yenye furaha unaijua kwa mbali. Wanasimamisha migomba miwili, mmoja kila upande wa mlango, halafu wanatandaza nyasi mbichi ili mgeni akanyage ulaini. Stockholm sina mgomba, lakini akili ninayo. Dari ya kibaraza iko chini, kwa hiyo nilikata vilele vya ile misonobari. Nikaondoa matawi ya chini, nikabandua na maganda, mashina yabaki meupe yafanane na migomba. Matawi yote niliyoyakata nikayakatakata vipande vidogo kwa mkasi, nikayatandaza kuanzia kizingiti changu mpaka kwenye lifti.

Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Ilipendeza, na nilifurahi sana. Akilini nilimwona mama yangu akitoka kwenye lifti na kuanza kucheka kabla hata ya kunisalimia.

Ndani, binti yangu Kamila, wa miaka saba, alikuwa amejilaza kwenye sofa na mafua. Homa ndogo tu. Nilikuwa nimempa dawa mchana, na sasa anatazama katuni na kunijibu kwa Kiswidi kila nilipomsemesha kwa Kiswahili, kama kawaida yake.

Ndipo mlango wa jirani ukafunguka.

Bibi Ingegerd alikuwa na miaka themanini na saba, mzaliwa wa kijijini huko Dalarna. Mimi na yeye hatukuwa tunaivana. Mwezi wa kumi alibandika karatasi kwenye chumba cha kufulia, kwa herufi kubwa, kwamba kuna mtu haondoi nyuzi kwenye mashine ya kukaushia nguo. Hakutaja jina. Lakini siku ile zamu ya kufua ilikuwa yangu, na jengo zima lilijua.

Alikuwa ameshika mfuko wa taka. Alipouona mlango wangu, mfuko ukamponyoka.

"Nani amekufa?" akaninong'oneza kwa Kiswidi.

"Hajafa mtu. Ni mapambo. Mama yangu anakuja leo."

Alitikisa kichwa, akaegemea ukuta.

"Nilikuwa na miaka sita babu yangu alipofariki," akasema. "Waliweka miti miwili, hivi hivi. Imekatwa vilele. Imebanduliwa maganda. Na matawi yaliyokatwakatwa, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Ile ni alama, Benedicta. Inawaonyesha wabebaji nyumba yenye jeneza."

"Siku hizi kuna magari ya kazi hiyo," nikamjibu.

Akanishika mkono.

"Itoe. Nitakusaidia kufagia. Itoe kabla hawajaja."

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kumsikiliza nilikuwa natazama ile karatasi ya chumba cha kufulia ikinijia machoni. Nikajisemea, wivu tu, huyu hapendi kuona mgeni wa nchi kama mimi kapamba kuliko yeye. Nikamwokotea mfuko wake, nikamtakia sikukuu njema kwa adabu zote, nikaingia ndani na kufunga mlango.

Harufu ndiyo iliyotangulia.

Ilikuwa kama saa kumi na nusu. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Kwanza ilikuja harufu ya misonobari, nikaona sawa. Halafu sufu iliyolowa. Halafu nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Na chini ya yote hayo, udongo... udongo uliochimbwa leo.

Kisha nikasikia matawi yanakanyagwa.

Krrch... krrch... krrch...

Polepole. Hatua nyingi, lakini za mwendo mmoja. Nikajua ni Vedasto na Mama, wamewahi. Nikafuta mikono, nikafungua mlango, kigelegele kiko kwenye ulimi.

Kigelegele hakikutoka.

Wanaume sita. Walikuwa wamesimama wawili wawili juu ya matawi yangu. Makoti meusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, tai nyeupe, kofia nyeusi. Mabegani mwao kulikuwa na theluji, na mvua ilikuwa bado inanyesha pale nje.

Yule wa mbele alivua kofia. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mkulima mpole, na hilo lilinitisha zaidi.

"Yuko tayari?" akanong'ona.

"Nani?"

"Wa nyumba hii."

"Hakuna maiti hapa," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Mmekosea mlango."

Alitazama miti. Akatazama matawi chini ya viatu vyake.

"Njia imetandazwa. Tutangoja."

Nyuma yangu, sebuleni, Kamila akakohoa.

Vichwa sita vikageuka kwa pamoja.

Nikaubamiza mlango. Nikakimbilia sofani, nikamshika mwanangu paji la uso. Yule mtoto niliyemwacha na homa alikuwa wa baridi. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Nikampa blanketi, nikampa koti langu, nikamkumbatia kifuani, na baridi yake ikapenya nguo zangu zote.

"Mamma, jag fryser," akasema. Anasikia baridi. Halafu akaongeza, taratibu, kwa Kiswahili, lugha ambayo huwa namlazimisha kuitumia, "Wale wajomba wanasema nivae viatu."

Hakuna mjomba aliyesema neno. Mimi sikusikia kitu.

Nikachukua simu kupiga namba ya dharura. Mtandao hakuna. Nikajaribu kwa Vedasto. Hakuna. Sala nilianza, nikapotea katikati, maneno ninayoyajua tangu utoto yakanikimbia. Nikatoka na ufagio.

Walisogea pembeni kunipisha, kwa heshima. Nikafagia kama mwendawazimu. Nikayasukuma matawi kando, nikaangusha mti mmoja, nikaangusha na wa pili. Nilikuwa nalia na wala sikuona haya.

"Kufagia kulikuwa kabla," yule wa mbele akanong'ona. "Sisi tumeshafika."

"Nakuomba. Ana miaka saba."

"Haturudi mikono mitupu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayenielekeza ofisini. "Kama mlango si huu, tuonyeshe ni upi."

Kutoka ndani nikasikia mikanda ya kunata ya viatu vya Kamila ikifungwa. Krrr. Kiatu kimoja... Krrr. Cha pili.

Ningependa kuwaambia kwamba sikufikiri.

Nilifikiri.

Nilifikiri, ana miaka themanini na saba. Nilifikiri, watoto wake ni wakubwa. Nilifikiri hata ile karatasi ya chumba cha kufulia, Mungu anisamehe.

Nikaunyanyua mti wa kwanza, nikausimamisha upande wa kushoto wa mlango wa Bibi Ingegerd. Wa pili nikauweka kulia. Nikazoa matawi kwa mikono, miiba yake ikinichoma viganjani, nikayatandaza kuanzia kizingiti chake mpaka kwenye lifti. Niliyatandaza vizuri. Hata pale kona ya ukuta sikuacha pengo.

Ndani mwake redio ilikuwa inasema taratibu. Palinukia kahawa. Nikasikia hatua zake zinakuja mlangoni.

"Benedicta? Ni wewe?" akaita. "Umeamua kufagia? Ngoja nichukue ufagio wangu."



Yule wa mbele akaniinamia kidogo, akavaa kofia yake. Wote sita wakageukia mlango ule. Mimi nikakimbia ndani, nikafunga komeo, nikaongeza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Nilikaa sakafuni na Kamila mapajani, viatu vyake vikiwa miguuni, nikihesabu pumzi zake. Baada ya muda mikono yake ikapata joto. Akasema sauti ya televisheni inamuumiza masikio. Akasema ana njaa.

Mama alifika saa moja jioni, kavaa koti la Vedasto juu ya kitenge. Alinikumbatia, halafu akatazama mlango wangu uliokuwa mtupu.

"Nilidhani utanipambia, mwanangu," akasema kwa utani. "Jirani yako kakushinda."

Vedasto alinitazama, akaona macho yangu, akaingiza mizigo ndani.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne binti wa Bibi Ingegerd alikuja kumchukua mama yake akale naye sikukuu. Alimkuta kwenye kiti cha korido ya ndani, amevaa koti, ufagio uko magotini. Daktari alisema ni moyo, na kwa umri ule hakuna aliyeshangaa. Saa haikujulikana barabara. Jana yake, jioni.

Nilishuka kwa Pélagie. Nikamwuliza, bila kumwambia sababu, kama aliona wanaume wakiingia jana, wenye makoti marefu.

"Non, dada. Mimi nilikuwa pale chini na ngazi yangu mpaka saa kumi na mbili, ma-guirlande ya taa ilikuwa inanisumbua. Hakukupita mutu. Hata moya." Akanitazama. "Juu ya nini unauliza vile?"

Jioni mlango wangu uligongwa. Alikuwa yule binti, mwanamke wa miaka sitini hivi, macho mekundu. Nilijua amekuja kwa ajili ya ile miti. Nilikuwa nimeyapanga majibu tangu asubuhi.

"Ni wewe uliyepamba mlango wa mama?"

Nikasema ndiyo.

"Alinisimulia habari za miti hiyo nikiwa mdogo. Ya babu yake. Sijawahi kuiona kwa macho yangu mpaka leo. Hapa Stockholm hakuna anayeijua tena." Machozi yakamtiririka. "Mtu ambaye si hata wa nchi hii. Umempa mama yangu heshima ambayo sisi watoto wake tusingejua kumpa."

Akanikumbatia. Alikuwa ananukia kahawa ile ile. Nilingoja aniulize niliiweka saa ngapi, na nadhani angeniuliza ningemwambia yote. Hakuuliza. Kamila alikuwa nyuma yangu, ameshika sketi yangu, mzima, mkono wake una joto.

"Asante," yule mwanamke akaninong'oneza begani. "Asante sana."

Nikamwambia, karibu.