Taa Isiyofuatwa na Wadudu

Waliokosekana kwanza ni wadudu.

Kyela, mvua za kwanza zikianza, huwashi hata kibiriti bila kupata wageni. Kumbikumbi huja, nondo huja, na kutoka ziwani huja wale visubi wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua. Chemli ikikaa barazani, asubuhi mbawa huzolewa kwa ufagio. Lakini jioni ile, fundi Israeli alipoiwasha taa ya pikipiki ya Sedekia baada ya kuitengeneza, mwanga ulinyooka mpaka kwenye migomba ya mwisho, mweupe, mtupu, na hakuna hata mbu mmoja aliyeingia ndani yake.

"Unaona," Sedekia alisema, "hata mbu wanaiheshimu."

Israeli alikuwa akifuta mikono kwa tambara. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kuna harufu," alisema.

"Ni rangi inapata moto."

"Rangi hainuki kama kucha inayoungua."

Pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, nzito, rangi ya matope, moja ya zile zilizouzwa Mbeya vita vilipokwisha. Sedekia, aliyekuwa dereva wa jeshi la Keya vitani huko Bama, aliinunua kwa ajili ya biashara ya mpunga kati ya Kyela na Katumba Songwe. Taa yake ya mbele ilifunikwa bati lenye upenyo mwembamba, kama jicho la mtu anayesinzia. Wakati wa vita taa zilifumbwa hivyo ili ndege za adui zisizione. Alipoipeleka kwa fundi, Sedekia alitaka bati litolewe. Alitaka mwanga wote, na zaidi ya wote.

"Unaogopa viboko wa Songwe?" Israeli alimtania.

"Viboko wana miguu minne. Mimi nataka kuwaona wa miguu miwili."

Israeli alicheka, kwa kuwa kila mtu alijua. Damari, mke wa Sedekia, alilelewa misheni ya Ipyana, alikuwa na shingo ndefu na kicheko cha chini chini, na mumewe alimwonea wivu kwa wauza samaki, kwa mwalimu wa kwaya, kwa yeyote aliyebisha hodi kuomba maji. Miaka aliyokuwa vitani ilimkaa rohoni kama mwiba uliokatikia ndani. Nani alipita? Nani alikaa? Nani alitokea migombani? Alitaka taa ambayo, akirudi wakati wa magharibi na kukata kona ya mwisho, ingemwonyesha ua wake wote kwa mara moja, mpaka kwenye mashina.

Basi Israeli alibadilisha nyaya zilizotafunwa na panya, akasafisha dinamo, akaweka balbu kubwa ya lori, akaisugua kwa majivu laini ile sahani ya fedha iliyo nyuma ya balbu mpaka akauona uso wake. Bati la vita akalitupa.

Asubuhi iliyofuata usukani ulikuwa umegeuka. Usiku Sedekia alikuwa ameiacha pikipiki imeelekea barabarani. Sasa taa ilikuwa inautazama mlango wa jiko, mahali Damari alipoinama kuwasha moto.

Na jioni moja Damari alikuwa anapepeta mchele pikipiki ilipokata kona. Mwanga ukamkamata, mkono wa kulia kwanza, ukatulia. Nyuma yake, kwenye ukuta uliopakwa udongo mweupe, vivuli vilikuwa viwili. Kimoja kilipepeta. Kingine, kirefu zaidi, kilisimama karibu naye kimeinamisha kichwa, kama mtu anayenusa nywele.

Sedekia aliiangusha pikipiki, akazunguka jiko, akafyeka migomba kwa panga. Hakupata mtu.

"Ulikuwa na nani?"

"Na ungo."

"Damari."

"Nilikuwa na ungo, na kuku wa mama yako. Muulize kuku."

Tangu siku ile hakumwacha. Kila magharibi alimsimamisha ukutani, akaiwasha taa, akachungulia, na kila magharibi kile kivuli cha pili kilikuwapo, karibu zaidi, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Damari, kisha juu ya bega, kisha shingoni, na Sedekia, badala ya kuzima, alizidi kumulika, kwa sababu mwenye wivu akishaona kidogo hutaka kuona kilichobaki.

Aliyegundua ni Keziya, mama yake Sedekia, mjane wa miaka mingi, Mkisi wa pwani ya ziwa aliyeolewa Kyela pamoja na ufundi wake wa vyungu. Alimwona mkamwana wake akiepua chungu jikoni.

"Mwanangu, kiweke chini."

"Kwa nini, Mama?"

"Umekishika bila kitambaa."

Damari alitazama. Ngozi ya kiganja ilikuwa imefanya malengelenge, na hakuhisi kitu. Keziya alimgusa begani, hakuhisi. Alimfinya shingoni, hakuhisi. Palipopita ule mwanga palikuwa pa baridi kama udongo wa mtungi ambao haujachomwa.

Mchana huohuo Israeli alikuja, kofia mkononi.

"Ugonile, Mama. Shemeji. Kuna jambo sikulisema." Alishusha sauti. "Lile bati halikufungwa kwa skrubu peke yake. Pande zote lilizibwa kwa nta, na ndani ya nta zilikuwamo nywele za mwanamke. Nilidhani ni kuzuia maji. Juzi Sedekia alipokuwa hayupo niliitoa betri, nikakata waya, na jana jioni nilipopita barabarani bado ilikuwa inawaka."

"Walimfumba," Keziya alisema. "Wewe umemfumbua."

"Shemeji wa wapi?" Sedekia alikuwa amesimama mlangoni. Hawakumsikia akija. "Fundi, mama yako alimzaa nani katika nyumba hii mpaka umwite mke wangu shemeji?"

"Nimeleta neno juu ya taa."

"Taa iko nje. Wewe uko ndani."

Israeli aliondoka bila kuvaa kofia. Sedekia alimfuata kwa macho mpaka barabarani, akaenda kukaa karibu na pikipiki yake, akaanza kukifuta kioo cha taa.

Jikoni, Keziya alimvuta Damari karibu.

"Ni jini. Anakuoa. Anakuchukua kidogo kidogo, kama mahari inavyolipwa, ng'ombe mmoja, kisha mwingine. Akifika usoni, amemaliza."

"Mwambie mwanao azime."

"Fundi amekata waya na bado inawaka. Sikiliza. Kuna mwanamume mmoja tu ambaye mke hawezi kuolewa naye wala kutazamwa naye. Ni nani?"

Damari aliinua uso. Alijua. Katika nchi ile mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakohoa njiani huiacha njia, huingia migombani, hujifunika kichwa. Naye mzee hugeuza uso. Hawatazamani mpaka mmoja azikwe. Misheni walilicheka jambo hilo, na Damari aliolewa baba yake Sedekia akiwa amekwisha kufa, kwa hiyo hakuwa na wa kumkimbia.

"Kiti cha mkwe wako ni kitupu," Keziya alisema. "Tumkalishe huyu."

"Akiwa mkwe wangu, kwako wewe atakuwa nani?"

Kikongwe alitabasamu kidogo. "Nimelala peke yangu muda mrefu. Ila jambo moja, mwanangu: asivunjwe. Tutamziba tena kwa nta, tutamtia ziwani akiwa mzima. Baba akifa, alicho nacho chote, hata kiti chake cha ukwe, humwendea mwanawe."

Alasiri wingu lilitoka ziwani, likaufunika mji, mchana ukawa giza. Sedekia alimwita mkewe uani. Hakuwasha pikipiki, taa iliwaka yenyewe, na harufu ya kucha zilizoungua ikajaa, na mvua ilipoanza kuanguka matone yaliukwepa ule mwanga kama walivyoukwepa mbu, na ukutani kivuli kirefu kilikuwa kimemshika Damari mabega yote mawili, uso wake usio na uso ukishuka polepole kuelekea shavuni, na Sedekia, spana mkononi, akisema kwa sauti ndogo kama anayeomba, "Jitokeze, nikuone, jitokeze tu nikuone," na hapo Keziya akapita mbele yake, kitambaa cha ujane kimevuliwa kichwani, akaiweka mikono yake miwili ya udongo juu ya kioo cha moto, akasema:

"Mume wangu, karibu nyumbani. Yule ni mkamwana wako."

Damari alijifunika kanga kichwani. Akapiga magoti, akakipa kioo mgongo, akatamka neno la kumwita baba, ambalo hakuwahi kulitamka kwa mtu yeyote katika nyumba ile.

"Tata."

Mwanga ulitetereka. Kivuli kikamwachia bega moja, kisha la pili. Kisha usukani ukaanza kugeuka, taratibu, bila mkono wa mtu, taa ikauacha ukuta, ikamwacha Damari, ikaelekea kando kama mzee anayegeuza uso njiani.

Keziya alikuwa ameshatoa nta kiunoni.

"Ulisema nini?" Sedekia alimwuliza mkewe. "Ulimwita nani?"

"Sedekia, usiiguse," mama yake alisema. "Ni baba yako sasa."

"Baba yangu nilimzika mwenyewe. Huyu nimemwona anamshika mke wangu. Wewe umemwona anamshika mke wangu."

Akapiga kwa spana. Kioo kilivunjika, sahani ya fedha ikabonyea, na harufu ikakatika ghafla. Mvua ikaanguka mahali pote. Damari aliushika mkono wake wa kulia, akalia, kwa maumivu ya malengelenge ambayo sasa aliyahisi yote, na katikati ya kilio akacheka. Sedekia alimtazama akicheka. Alimtazama vizuri, kwa mara ya mwisho, ingawa hakuna aliyejua. Keziya peke yake hakufurahi. Aliokota nta matopeni, akajifunga upya kitambaa chake cha ujane.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Damari alikuwa anatoka mtoni, mtungi kichwani, visubi wa ziwani wakimwingia machoni na mdomoni, alipomwona mumewe anakuja kwa miguu. Aliandaa maneno. Alitaka kumwambia kwamba mkono unauma, na kwamba ni vizuri.

Sedekia alikohoa. Kikohozi kirefu, kizito, cha mzee. Akasimama, akageuza uso kwenye migomba, akauweka mkono juu ya macho.

"Ni mimi," Damari alisema.

Hakugeuka. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, kama mtu anayetaka kutazama kuliko anavyotaka kupumua, asiyeruhusiwa. Damari alitaka kumwendea. Ndipo alipoona kwamba miguu yake mwenyewe imekwisha kuiacha njia, na kanga iko kichwani, na hakukumbuka kuivuta.

Kati yao visubi walikuwa wengi kama moshi. Ila pale aliposimama Sedekia, kuzunguka kichwa chake chote, hewa ilikuwa safi.