Kitambaa Kilichoonyesha Virusi Vilitoka Wapi

Kitambaa cha kiti nilichofuma mimi, Eucabeth, kimenakiliwa karibu katika kila nyumba ya kambi yetu ya wafanyakazi wa chai hapa Kimulot. Wanawake huja hata kutoka kambi nyingine kukitazama. Lakini nisiwadanganye. Ua la katikati lilifaa kuwa na petali nane. Mimi nilifuma saba, kwa sababu maharagwe yalikuwa yanaungua jikoni. Na wenzangu, Sellah na Judy miongoni mwao, wakanakili saba.

Asubuhi kwetu kuna ukungu. Wachumaji wa chai wanaenda shambani na vikapu mgongoni. Mimi nimestaafu, kwa hivyo nabaki na sufuria ya uji wa wimbi na sindano yangu ya krosia. Naishi na mwanangu Joab, anayefanya kazi kiwandani, mke wake Syprose, na mtoto wao Adongo. Joab na Syprose wana virusi vya Ukimwi. Wanajua, na mimi najua. Walikuwa wanameza tembe zao kila siku, na walikuwa na nguvu kama wewe unayesoma.

Kisha Joab akaacha.

Miezi mitatu ikapita. Kikohozi kikaingia. Suruali ikaanza kumhama kiunoni.

"Baba Adongo, meza tu," Syprose alimwambia. "Kwa ajili ya mtoto."

"Simezi. Huu ugonjwa ulitengenezwa maabara, miaka ya themanini. Waliotengeneza ugonjwa ndio wametengeneza dawa. Nikimeza, nawasaidia kunimaliza."

Maneno hayo aliyasoma kwenye simu. Akawahubiria hata wenzake kiwandani. Mimi nilishamzika mwanangu mmoja, Seth, kabla dawa hazijafika huku. Huyu wa pili singekubali nimzike kwa sababu ya simu.

Nikaenda kwa jirani yetu Cherotich. Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii. Ananiita Gogo, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya yao. Nikamweleza yote.

"Nitakuja Jumamosi, Gogo," akasema. "Lakini azima kitambaa cha Sellah, na kile cha Judy."

"Kwani unaleta wageni wa posa?"

"Azima tu, Gogo."

Jumamosi akaja. Joab alikuwa amekaa karibu na dirisha, amejifunika koti. Cherotich akatandika vitambaa vitatu mezani: changu, cha Sellah, na cha Judy.

"Joab, wewe ni mtu wa mashine," akasema. "Niambie nani alinakili kwa nani. Usimwulize mama yako."

Joab akavuta midomo, lakini akainama. Huyo mtoto hawezi kuona kitu kilichoharibika akakiacha.

"Vyote vina petali saba," akasema. "Hilo kosa ni la Mama."

"Maharagwe," nikasema.

"Cha Sellah kina hizo saba, halafu ameruka tundu moja hapa pembeni. Cha Judy kina petali saba, na tundu lile lile limerukwa, halafu jani hili limegeuka. Judy hakunakili kwa Mama. Alinakili kwa Sellah."

"Ulikuwepo akinakili?"

"Sikuwepo. Makosa yenyewe yanasema."

Cherotich akatabasamu. "Basi hivyo ndivyo wanasayansi walivyofanya. Virusi vina maandishi ndani yake. Ni herufi nne tu, lakini zimepangwa kwa mstari mmoja karibu elfu kumi. Virusi vikijinakili, vinakosea hapa na pale. Wanasayansi wakachukua virusi kutoka kwa watu wa nchi nyingi. Wakalinganisha makosa. Wakarudi nyuma, kosa kwa kosa."

"Wakafika wapi?"

"Kwa sokwe wa misitu ya Kamerun. Wao wana virusi vinavyofanana sana na hivi vilivyoenea duniani. Inaonekana mwindaji alijikata akichinja sokwe, na damu ikaingia kwa kidonda. Tangu hapo ikawa ni mtu kumwambukiza mtu."

"Mimi sijawahi kula sokwe!" Joab akasema.

"Wewe?" nikamwuliza. "Wewe ambaye hata omena, kisamaki kidogo vile, unaitoa kichwa kwanza?"

Syprose akacheka. Joab hakucheka. Aliuliza, "Ilikuwa lini?"

"Makosa huongezeka kwa mwendo unaoweza kukadiriwa," Cherotich akasema. "Kuna damu ya mtu wa Kinshasa iliyohifadhiwa tangu mwaka wa 1959. Virusi vilikuwa ndani tayari. Wakipiga hesabu ya makosa, wanaona vilianza kwa watu karibu mwaka wa 1908, kabla kidogo au baada kidogo. Wakati huo hakukuwa na maabara yoyote duniani iliyojua kutengeneza virusi. Hata kiwanda chako cha chai hakikuwepo."

Joab akatazama tena vitambaa. Kidole chake kilikuwa bado kwenye lile tundu la Sellah.

"Na dawa?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Cherotich akanipokonya sindano ya krosia. "Gogo, fuma."

"Na nini? Na meno?"

"Dawa inafanya hivyo hivyo. Inavinyang'anya virusi sindano, visijinakili. Joab akiacha, anavirudishia. Na vikinakili ovyo, kosa moja linaweza kuvifanya viishinde dawa. Kwa hivyo usiokote tembe za zamani ukaanza kumeza kimya kimya. Nenda kliniki, wakupime kwanza. Halafu meza kila siku. Virusi vikishuka mpaka visionekane kwenye kipimo, na ukiendelea kumeza, humwambukizi mtu kwa kulala naye."

Joab akasimama. "Maneno matamu," akasema. "Lakini mimi sijabadilika."

Akatoka kwenda kupalilia sukuma wiki. Syprose akalia. Mimi nikalia baadaye, nikiwa peke yangu na kuku.

Wiki zikapita. Kikohozi kikapungua. Suruali ikarudi mahali pake. Joab akarudi kazini, shifti nzima.

"Ni uji wa Mama," akamwambia kila mtu.

Nikaamini! Nikampelekea Cherotich bakuli, nikamwambia awape wagonjwa wake wote. Akacheka mpaka akashika ukuta, lakini hakuniambia kwa nini.

Mwezi wa sita tangu mazungumzo yale, siku ya Alhamisi, Joab akaingia saa ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali. Alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Umetoka wapi?" Syprose akamwuliza.

"Mjini Kapkatet. Kwa kinyozi."

Nikamtazama kichwa. Nywele zilikuwa zile zile za jana, zimejaa kama kichaka. Nikamtazama mkono. Ndani ya kiwiko kulikuwa na pamba, imebandikwa kwa plasta.

"Joab mwanangu," nikasema, "kinyozi wa Kapkatet siku hizi anaanzia kiwikoni?"

Akakunjua mkono wa shati haraka. Kadi ya kliniki ikaanguka kutoka mfukoni. Syprose akaiokota, akasoma tarehe, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyokosa. Akafika kwenye majibu ya kipimo cha miezi mitatu iliyopita, akasoma kwa sauti: virusi havionekani. Macho yake yakajaa machozi, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Tazama, Mama," akasema. "Kinyozi amemwandikia hata siku ya kurudi."