Taa za Matumbawe

Rafiki yangu Bashiri, fundi umeme wa Nachingwea, aliitwa aende Ruangwa na mjane Albina. Marehemu mumewe alikuwa amejitengenezea taa za LED za tangi la samaki wa baharini. Nyaya zilikuwa zimeachia, na matumbawe yaliyomo tangini yalikuwa yanakufa gizani.

Chumba cha tangi hakikuwa na dirisha. Kabla Bashiri hajachomeka chuma cha kulehemu, umeme ukakatika. Akasikia risasi ya kulehemu nyaya ikiyeyuka, tsss, kisha mtu akipuliza moshi ubavuni kwake.

“Fundi, uko na nani humo?” Albina akauliza kutoka sebuleni.

Umeme uliporudi, taa zote za tangi ziliwaka. Chuma kilikuwa mkononi mwa Bashiri, cha baridi. Kwenye waya wa mwisho, risasi ilikuwa bado inafuka moshi.