Abiria Niliyemwambia Twende

Pindo la mwisho la mapazia ya mwalimu nililimaliza jua likiwa limeshazama. Nilikuwa na haraka. Mwanangu alikuwa nyumbani na bibi yake, hajanyonya tangu mchana, na blauzi yangu ilikuwa imeanza kulowa kifuani. Nikasema niyapeleke mapazia mbio, kisha nikamnyonyeshe.

Kwa mbio nina maana skuta. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa, na miaka yote hiyo mbio nilizisikia kwa wenzangu tu. Kisha mume wangu akaninunulia hii skuta ndogo ya umeme, magurudumu mawili pembeni, kibao cha kusimamia katikati, na fimbo fupi ya kubana kwa magoti. Inajisawazisha yenyewe. Ukiinama mbele inakwenda, ukiegemea nyuma inapunguza mwendo. Asiposimama mtu juu yake haiendi hata shibiri, inasubiri miguu. Mama mkwe aliiita ungo. "Wachawi wenzio wameshahamia kwenye umeme," alinitania siku ya kwanza, nami nikamwambia asijali, zamu yake ya kupakiwa itafika. Niliipenda ile skuta. Sioni haya kusema.

Mapazia yakafika. Nikageuza.

Kwenye barabara ya nyuma, ile inayokwenda hospitali, palikuwa na mwanamke ameketi juu ya jiwe, chini ya taa iliyoungua. Amebeba mtoto mgongoni, mkubwa kidogo kwa kubebwa, miguu inaning'inia. Sikumtazama vizuri. Nilipompita akasema, "Unakwenda?"

Nikamjibu kama sote tunavyojibu.

"Twende."

Twende gani? Hilo ni neno la mdomoni tu. Ni sawa na kumkaribisha mtu chakula na wewe umeshika tonge la mwisho. Mwenye kujua dunia hujibu asante, tangulia, na kila mtu akashika njia yake.

Yeye hakujibu.

Skuta ikalia.

Tii... tii... tii...

Huo ni mlio wa kulalamikia uzito. Niliwahi kuusikia siku niliyobeba kichwa cha cherehani na marobota ya vitambaa kwa pamoja. Sasa nilikuwa na mkoba mtupu. Nikahisi kibao kinazama nyuma ya visigino vyangu, na skuta ikaanza kupunguza mwendo kana kwamba kuna mtu ameegemea nyuma. Nami nilikuwa nimeinama mbele mpaka mgongo unaniuma.

Ikaja harufu. Dawa ya kusafishia sakafu... na chini yake, maziwa yaliyochacha.

Halafu sauti, nyuma ya bega langu.

Mdomo mdogo unafyonza. Haufyonzi kitu.

Sikugeuka. Niliogopa, jamani. Kilichonizunguka kichwani ni kimoja tu: mimi nakwenda nyumbani, na nyumbani kuna mwanangu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mtoto begani. Aliniona tangu kona. Nikauona uso wake unabadilika. Akarudi ndani, akaurudishia mlango ukabaki upenyo wa jicho.

"Usishuke," akanong'ona. "Umemwambia nini?"

"Nani, mama?"

"Uliyempakia. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia twende."

Akamvuta mtoto kifuani. Kisha akasema, "Basi mwanangu, usimwingize hapa. Muulize anakokwenda, umfikishe. Ukimfikisha, muage. Halafu usigeuke nyuma."

Mwanangu akaisikia sauti yangu, akaanza kulia. Maziwa yakanitoka yenyewe, yakanilowesha mpaka kiunoni. Nyuma yangu ule mdomo ukaacha kufyonza.

Ulikuwa unasikiliza.

Nikageuza skuta haraka. Tulipoufikia mtaa wa pili nikajikaza. "Mama, unakwenda wapi?"

"Hospitali."

Sauti kavu, ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo kwa watu wengi.

Taa ya betri ilikuwa nyekundu. Niliomba njia nzima isizime, maana kwa mguu wangu huu, na mzigo ule nyuma, ningekwenda wapi? Skuta ilijikokota ikilia... tii... tii... mpaka geti la hospitali.

"Tumefika," nikasema. "Kwaheri, mama."

Kibao kikainuka nyuma ya visigino vyangu. Palepale taa ikazima, betri imekwisha.

Mlinzi wa geti alitoka kwenye kibanda chake. Hakunisalimu. "Umemleta yule wa kwenye jiwe?" akauliza, sauti chini.

"Unamfahamu?"

"Alikaa pale anaomba kupakiwa, mtoto kazidiwa. Kila aliyepita alimwambia twende, akampita. Mtoto akamfia mgongoni. Na yeye hakukawia kumfuata." Akamulika tochi njia ya ndani, akaizungusha, akairudisha kwenye kibao cha skuta. Pale akaiacha kwa muda mrefu. "Hii niachie mimi, dada. Nitaifungia kibandani. Wewe nenda tu."

Nikaenda, nikiburuta mguu, bila kugeuka. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi na moyo ukaanza kutulia.

Nyumbani mama mkwe alishusha komeo nyuma yangu. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka kazini, yuko bafuni anaoga. Tukakubaliana tusimwambie mpaka ale. Mtu mwenye njaa hapewi habari nzito. Nikaketi, nikampa mwanangu ziwa. Akalidaka kwa pupa, nikacheka peke yangu kwa furaha.

"Umewaaga?" mama mkwe akauliza.

"Nimemuaga mama."

"Na mtoto?"

Nikautazama mlango.

Nje kukalia. Tii.

Mlio mfupi, ule wa miguu inapokanyaga kibao, wa skuta niliyoiacha getini betri imekwisha. Kisha magurudumu juu ya changarawe. Yanakwenda... yanasita... yanagonga ukuta wa jirani... yanakwenda tena. Mwendo wa mtu anayejifunza.

Mama mkwe akaniziba mdomo kwa kiganja. "Lolote utakalosikia, usiitike," akaninong'oneza sikioni.

Magurudumu yakasimama mlangoni. Mwanangu akaliachia ziwa, akageuza kichwa.

"Hodi," ikasema sauti ndogo, chini kabisa ya mlango.

Mimi sikuitika. Mama mkwe hakuitika. Mume wangu bafuni, povu la sabuni usoni, hana habari ya hili wala lile, na mama yake alimlea kwa adabu.

"Karibu," akaitikia.